Buhuri Chumbani kwa Malkia

Jua la Duz, mji wa ukingoni mwa jangwa, halijaanza kuchoma. Mabruka Ghrisi anavua ndala mlangoni, ananyata hadi pembeni na kufunua gudulia lililofunikwa kitambaa chekundu. Ndani mna kichupa chembamba cha kioo chenye maji yaliyozibwa kwa pamba, na malkia mmoja wa sisimizi wa jangwani. Anamtazama huku amebana pumzi, kisha anamfunika.

"Ukimtikisa tu, anakula mayai yake mwenyewe," ananong'ona.

Mabruka hukilelea kituo cha utafiti malkia wa sisimizi. Huwaokota siku wanaporuka kupandana, akawaweka gizani hadi watoto wa kwanza waanguliwe na kuanza kumlisha mama yao.

Wa mwaka huu aliwaokota uwanda wa Umm Tarfa. Haikupita muda, matrekta yakauchimbua uwanda wote ili ipandwe mitende. Sisimizi wa pale wakabaki kwa Mabruka tu, katika chumba cha udongo cha mama yake, chenye ubaridi kuliko kituo.

Majirani wakaja kutazama. Walisifu weee, asitokee hata mmoja wa kusema mashallah. Bi Khaduja, mama yake, akaogopa jicho la watu. Mabruka alipokwenda sokoni, mama alifunga dirisha na kufukiza buhuri chumba kizima, awakinge viumbe wa bintiye na kijicho.

Mabruka alirudi akakuta malkia aliowapanga rafuni wamekufa wote kwa moshi, na mayai wameshayala. Alipona huyu wa gudulia peke yake, chini ya kitambaa chake.

"Ningemgombeza nani?" anauliza kwa uchungu. "Sisi sote katulea kwa moshi huohuo."

Hajamwambia mama yake. Kituoni walimtuliza kwamba ataletewa malkia wa kwingine, na maneno hayo yanamkera mpaka leo. Wa kwingine si wa Umm Tarfa.

Sasa malkia ametaga tena, mayai machache. Wakiwa kundi, Mabruka atawapeleka kwenye makaburi ya ukoo wake, pembeni mwa uwanda ule.

"Pale trekta haliingii," anasema. "Wafu wetu watawavumilia."

Bi Khaduja anachungulia mlangoni, chetezo mkononi. "Wale wako hawajambo, mwanangu? Niliwafukizia vizuri, hawakupatwa na jicho la mtu."

"Hawajambo, mama," Mabruka anajibu. Anatoka, anafunga mlango kwa ufunguo na kuutia kifuani.