Kipimo na Dozi Isiyo na Punguzo

Dada yangu hawezi kutulia. Hata kwenye foleni ya hospitali atasimama, ataenda dirishani, atarudi, atamuuliza wa mbele yake anaumwa nini na kapewa nini. Wateja wetu wanamwita Kipimo kwa sababu ya vidole vyake. Mimi nanunua mitumba kwa robota, yeye anachambua. Anasugua pindo la shati mara moja na kulirusha: daraja la kwanza, la pili, tambara la kufutia mashine. Wala haliangalii. Nisiwafiche, ghala nililonalo limetokana zaidi na vidole hivyo kuliko akili yangu.

Mwaka juzi vidole vikagoma. Meza yetu ya kuchambulia inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo mikono yake ilikuwa imevimba, imejikunja, haifungui hata kifungo. Ikifika saa nne inalegea. Akaanza kuja na glavu, anasema ni baridi. Kisha nikamkuta anapitisha nguo shavuni ili aijue.

"Kipimo siku hizi anazibusu," mnunuzi mmoja akasema. "Shemeji kaanza kusahauliwa nyumbani."

"Wewe nunua," dada akamjibu. "Yako haibusiki."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana wiki ile tulirudishiwa robota zima: nailoni ilikuwa imepita kama pamba. Nikamwambia wazi, "Dada, mzigo mkubwa unaingia mwezi wa nane. Ukiwa bado hivi, nitamweka mwingine mezani."

"Mweke. Utanitafuta."

Lakini kesho yake alikwenda hospitali, na mimi nikamfuata, kwa sababu namjua: angeyasikia maneno ya daktari nusu, nusu nyingine angejitungia.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi. Akasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Dada akataka kujua kinga hiyo ilikosea wapi. Daktari akaeleza kwamba nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inayowafundisha kazi askari wa mwili. Wanaonyeshwa sampuli za vitu vya nyumbani, na anayevirukia anauawa kabla ya kutoka. Ila kuna wanaopenya. Waliopenya kwake walikuwa wanakula ngozi laini ya ndani ya viungo.

"Yaani uchambuzi mbovu," dada akasema. "Aliyekuwa mezani alikuwa nani?"

Daktari akacheka, usingizi ukamtoka. Akasema hata wakubwa wa sayansi waliikataa habari hii. Zaidi ya miaka mia iliyopita mtaalamu mmoja wa Ujerumani aliandika kwamba mwili unachukia kujidhuru, na wenzake wakaelewa kuwa jambo hilo haliwezekani kabisa. Karibu nusu karne wagonjwa wa namna hii wakatafutiwa sababu nyingine: meno mabovu, vijidudu, hali ya hewa.

Akamwandikia dawa tatu. Ya kwanza ilianza kama dawa ya malaria; wanajeshi walioimeza vitani ndio walioona vipele na viungo vyao vinapata nafuu. Ya pili ni ya saratani, lakini kwa dozi ndogo, mara moja tu kwa wiki, kila Jumatano, na huchukua wiki nyingi kufanya kazi. Ya tatu, ya steroidi, ni ya kuvukia hapo katikati. Akasimulia kuhusu mgonjwa wa kwanza kuchomwa dawa ya jamii hiyo, mwaka 1948, mwanamke aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Baada ya wiki moja alikwenda mjini kuzunguka madukani.

"Alinunua nini?" dada akauliza.

"Hilo sijui, mama. Ninachojua, baadaye dawa ilimvimbisha uso na kumvuruga akili. Kwa hiyo hii tutaipunguza taratibu, kidogo kidogo. Usiiache ghafla."

Nilimwona dada anaitikia kwa kichwa. Baadaye ndipo nilipojua alibaki na yule mwanamke wa madukani tu.

Siku ya tano vidole vilifunguka. Wiki ya tatu alikuwa anabeba marobota mwenyewe na kuwatukana wapagazi kwa uzembe. Miezi miwili ikapita hivyo. Zikabaki siku nne mzigo uingie, nami nikaacha kabisa kuwaza mtu mwingine wa mezani. Hilo lilikuwa kosa langu.

Kosa lake lilikuwa la kazi yetu. Kwetu hakuna anayelipa bei ya kwanza. Anayetaja kumi anategemea sita. Dada akaona daktari naye katia ya juu ili aombwe. Vidonge vya steroidi alivyopaswa kuvipunguza kwa wiki nyingi, akaviacha vyote siku moja.

Siku ya mzigo alifungua robota la kwanza, akatapika juu yake, akaanguka. Mdomo mweupe. Nikamwacha karani wetu na wateja, nikamkimbiza hospitali; walipompima, presha ilikuwa chini sana.

Alipopata fahamu, drip ikiwa mkononi, daktari alimweleza kwa lugha yetu ya sokoni: "Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza kitu kama hii steroidi, kila siku. Ukiletewa cha nje, mama, wa ndani wanafunga duka. Umemfukuza wa nje ghafla, wa ndani bado wamelala. Ungekufa."

"Mwanangu, basi niambie bei yako ya mwisho."

"Sina bei. Ninakuandikia kile unachohitaji."

Dada akaniashiria nitoe kalamu. Kisha akamtaka ataje kila wiki na kidonge chake, mimi niandike. Tukaandika mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Aliporuhusiwa, njiani nilimwambia nimempata mchambuzi wa asubuhi. Akageukia dirisha la teksi. "Umeshamweka?"

"Leo hii hii. Mzigo haungoji. Wewe utaingia saa nne, mikono ikishafunguka, na utapitia upya alichopitisha yeye."

"Saa tatu na nusu."

"Saa nne. Na ukiruka dawa Jumatano moja, meza ni yake yote."

Akabishana mpaka mlangoni kwake, nami sikushusha hata dakika moja. Mwisho akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Siku ya kwanza alifika saa tatu kasoro. Sikumfungulia. Akazunguka nje ya ghala, akitia mikono kwenye mafungu ya majirani na kuwakosoa mmoja mmoja, mpaka wakaja kuniomba nimwingize.