Jirani Yetu Myahudi na Shahada ya Mama

Watu wa mtaani kwetu Ibra, huku Omani, ukitaka kuujua wema wao, ufe mbele yao. Ukiwa mzima watakuchungulia unapika nini, watakuuliza mbona huolewi, mbona mwanao kakonda. Siku ukishindwa kunyanyua kikombe, nyumba yako haitakuwa tupu tena. Nimeuona wema huo kwa macho yangu, na mpaka leo umenikwama kooni.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa Kiingereza chuoni, mwanamke wa makamo mwenye paspoti ya Uingereza. Alikodi nyumba iliyopakana na yetu katika miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nikisomesha skuli ya wasichana, na Kiingereza changu nilikuja nacho kutoka Unguja, kwa hivyo tulielewana upesi. Mama yangu alimwita Mwalimu, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Kila mtu alijua kuwa ni Mnasara, Mkristo. Hakuna aliyemuuliza. Mngereza atakuwa nini tena?

Ukweli niliujua kwa sababu ya ugomvi. Katika nyumba moja ya mtaani alikuwepo mtumishi, msichana wa kigeni, ambaye kwa muda mrefu hatukumwona hata akitoka kumwaga taka. Sote tulijua kuwa anafungiwa. Tulisikitika, tukanyamaza, maana mwenye nyumba ni mtu wa heshima na mambo ya watu hayaingiliwi. Mwalimu akawa kila alasiri anakwenda kubisha mlango ule na kumuulizia hali yule msichana. Anaambiwa kalala, anashukuru, kesho anarudi. Mwisho wenye nyumba wakaona haya, wakampeleka msichana hospitali, na baadaye akarejeshwa kwao. Nusu ya mtaa ikaacha kumsalimia Mwalimu.

Nilimwambia kuwa anajitafutia balaa la bure. Ndipo aliponambia kuwa yeye ni Myahudi. Kwao, alisema, kila mwaka jamaa hukaa mezani wakakumbushana kwamba walikuwa watumwa Misri, na hawezi kula chakula kile kisha akapita mbele ya mlango ule kama hakusikia kitu. Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu Pemba, na nyumbani kwetu hakukaa mtu mezani kutukumbusha nani aliyelilima.

Akaniomba siri hiyo niifiche. Televisheni zetu kila siku zilikuwa na habari za Palestina, na hasira za watu alizijua. Baadhi ya hasira hizo alikuwa nazo mwenyewe. Lakini kwa ajili ya dini ile, alisema, wazazi wa baba yake waliuawa huko Ulaya, na hataki kuwa yeye wa kuiacha njiani.

Kisha akapata saratani. Chuo kilitaka kumsafirisha, akakataa. Kwao alibakiwa na kaka mmoja tu, naye mgonjwa. Tukamhamishia kwetu, katika chumba cha mbele, na Mama akawa anamlisha uji kwa kijiko. Siku moja Mwalimu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akamwambia Mama dini yake.

Mama alimfuta mdomo kwanza. "Kumbe," akasema. "Ndiyo maana kamba wa pwani ya Sur kila nikikupikia unawasukuma pembeni, kwenu si halali. Mie nikidhani sijui kupika."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Uji haukukatika, na mto wake uliendelea kugeuzwa kila saa. Majirani wakaanza kuja, hata wale walioacha kumsalimia, na mke wa yule mtu wa heshima alileta mchuzi wa kuku. Nilikasirika na nikashukuru kwa wakati mmoja.

Mwalimu aliniomba jambo moja tu. Mwisho ukifika atasema mwenyewe maneno ya wazee wake, ya kwamba Mungu ni mmoja. Akishindwa, tunyamaze. Tusimtie maneno mengine mdomoni. Nikamwahidi.

Sasa, Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Wanawake wengi wa mtaani waliokufa walipita mikononi mwake, na kabla ya kufa sauti yake iliwapitia masikioni, maana ndiye aliyewatamkisha shahada. Kwake hiyo haikuwa hiari, ni haki ya mtu anayekufa, sawa na kutiwa maji mdomoni. Nilimweleza ahadi yangu mara nyingi. Alinisikiliza, kisha akaenda kukoroga uji.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake wamejaa chumbani, mimi nimempakata Mwalimu, kichwa chake kiganjani mwangu. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini sauti haitoki. Mama akainama.

"Sema, mwanangu. Ashhadu."

"Mama, kaniomba tumwache."

"Kakuomba wewe, hakuniomba mie. Nimwache aende motoni na mie nimekaa hapa namtazama? Mtu niliyemlisha kwa mkono wangu?" Akairejea shahada, taratibu, neno kwa neno, kama anavyosomeshwa mtoto.

Kichwa kikageuka kwenye kiganja changu. Aligeuza uso kutoka kwa Mama kuelekea ukutani, kwa nguvu ambazo sikujua kuwa bado anazo, na kidevu kikashuka. Akakata roho.

"Kaitikia," Mama akasema. Analia. "Alhamdulillahi, kaitikia."

Wanawake wote wakalipokea neno hilo, na kabla ya alasiri lilishafika msikitini. Wanaume walihangaikia karatasi za serikali mpaka kesho yake. Mama alimwosha na kumkafini, akamtia karafuu maiti, na hajapata kumwosha mtu kwa upole namna ile. Jeneza lilifuatwa na watu ambao sikuwahi kuwaona wakifuata jeneza la maskini. Wakamzika katika makaburi yetu ya Waislamu. Nilisema niliyoyahisi kiganjani, nikaambiwa nina huzuni, nipumzike.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kaka yake alikuja, mzee wa mkongojo, na gari ya kukodi kutoka Maskati. Mama akamwekea kahawa na halua, akakaa mbele yake na buibui lake jipya. Alikuwa ameisubiri siku hiyo.

"Mwambie," akaniambia, "dada yake kafa Muislamu. Aliitikia kwa kichwa, nimeona mie. Mwambie asihuzunike, yuko pazuri."

Mzee alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza kuwa Mama alimwosha dada yake kwa mikono yake, kwamba alimtamkisha shahada, na kwamba anaamini aliitikia.

"Na wewe ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nimemshika kichwa. Aligeuza uso."

Mzee akaweka mkono kifuani, akamwinamia Mama, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anakushukuru kwa kumwosha."

"Unaona? Kafurahi," Mama akasema, akamsogezea sahani ya halua. Mzee akaila, machozi yanamtiririka, na Mama akawa anayatazama kwa raha.