Mkanda Ambao Mama Hakuwahi Kuuona

Tarumbeta zilinikuta jikoni nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Zilianza chini chini, kama mtu anayesafisha koo, kisha zikapanda zote kwa pamoja, na mkono wangu ukasimama wenyewe juu ya kifuu. Sikufichi, msomaji wangu: watu wengine wakisikia muziki wa utotoni mwao machozi huwalenga. Mimi nilipandwa na hasira, kama vile mtu amekuja kunitukana mlangoni kwangu mwenyewe.

Ilikuwa likizo ya shule, mvua imetufungia ndani, na wanangu, Tumaini na Neema, walikuwa wameazima flashi yenye filamu zote za yule jasusi wa Ulaya, ambazo kila moja hufunguliwa kwa tarumbeta zile. Mfululizo ule ulianza kabla sijazaliwa na mpaka leo bado unatengenezwa. Wakaamua kuziangalia upya moja baada ya nyingine na kuzipanga, ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Tumaini alizipima kwa magari yanayolipuka. Neema aliangalia adui; adui akiwa mjinga, kwake filamu ilishuka hata kama stelingi, yule shujaa mwenyewe, ni hodari namna gani. Bibi yao, mama yangu mzazi, ambaye sasa anaishi nami, alikaa nao kwenye kochi, amejifunika kapulana yake ya njano magotini, akiuliza kila mara, "Na huyu naye kafa?"

"Mama," Neema aliniita kutoka sebuleni, "kwako wewe namba moja ni ipi?"

"Ya kwanza sijui," nilimjibu. "Ya mwisho ndiyo naijua. Ile ya mpakani, yenye mto."

"Hiyo hatujaifikia," alidakia Tumaini. "Lakini wenzangu wanasema ndiyo kali kuliko zote!"

"Kwangu mimi ni takataka," nikasema, na nazi niliyokuna baada ya hapo ilikuwa na vipande vya kifuu.

Nilikulia Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, enzi ambazo filamu tuliziita mikanda. Banda la video lilikuwa la mabati, na ndani mlikuwa na viti vya mbao visivyo na migongo, harufu ya petroli ya jenereta, jasho, na maganda ya karanga yaliyolia chini ya miguu kila mtu alipojinyoosha. Mwenye banda alikuwa Mzee Nampoto. Alikuwa ameendesha magari ya Wazungu waliokuja kutafuta mafuta pwani yetu, na hakukaa siku bila kutukumbusha kwamba Kiingereza chake hakikutoka darasani bali vinywani mwa wenyewe. Mkanda ukianza, tarumbeta zikishaisha, aliipunguza sauti ya televisheni kabisa, akashika kipaza sauti, akatutafsiria. Alitafsiri kwa Kiswahili, akachomeka Kimakonde palipohitaji kicheko. Jasusi wa Ulaya akiingia hotelini, kwa Nampoto aliagiza ugali na pweza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mbele ya banda lile, kabla hata halijajengwa, mama alikuwa na kibanda chake cha chai na maandazi. Sisi ni watu wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Baba alifia kule, na mama akavuka nami nikiwa mgongoni. Alipopata nguvu akaanza kurudi kule mara kwa mara, akipitia kivuko cha Kilambo, kuleta kapulana, zile kanga za Msumbiji, alizoziuza hapo hapo kibandani pamoja na chai. Jioni alisikiliza taarifa ya habari ya Kireno kwenye redio yake ndogo huku akikanda unga. Watoto wenzangu waliniita Mmawia, jina la kutubeza sisi tuliotoka upande ule, na waliiga matamshi yangu. Lakini kwenye mikanda ya jasusi hakuna aliyeniweza. Kiingilio changu kilikuwa maandazi, kwa hiyo sikukosa mkanda hata mmoja, na tulipokwenda bombani na ndoo zetu mimi ndiye niliyeulizwa. Ule wa theluji ni wa ngapi? Ule wa garimoshi unauzidi ule wa mamba? Nilipanga, wakabisha, nikapanga tena. Pale bombani sikuwa Mmawia. Nilikuwa hakimu.

Sasa, watu walipotoka bandani wakati Nampoto anabadilisha mkanda, wote walikimbilia chai ya mama. Nampoto alikaa mlangoni akiwatazama. Siku moja alikuja akamwambia mama, mbele yangu, "Mama Rozalia, hapa mimi nataka kupapanua. Tafuta pengine."

"Panua kwa nyuma, baba," mama alimjibu, akiendelea kugeuza maandazi. "Mimi nimekukuta wewe hapa, au wewe umenikuta mimi?"

Nampoto akacheka, akanywa chai, akaondoka. Nilidhani yameishia pale.

Haukupita muda akauleta mkanda ule wa mpakani. Kulikuwa na mto mkubwa, maji ya rangi ya udongo, na mama mmoja mnene aliyeuza chai kwa wavukaji. Tulipomwona tu, watu waliguna. Nampoto akashusha sauti ya kipaza sauti, akaanza taratibu. "Mwangalieni vizuri huyu mama. Kila wiki anavuka. Ukimuuliza anafuata nini, atakwambia vitambaa. Mnaijua Kilambo, ndugu zangu?" Banda likaangua kicheko. "Ana redio ya lugha ambayo hakuna anayeielewa. Anampelekea nani habari zetu?" Vichwa vikaanza kunigeukia, kiti kwa kiti. Yule mama alipomficha stelingi chini ya meza, Nampoto akasema anamtunza ili amuuze. Mwishoni yule mama alimshika stelingi mkono, akasema neno, na papo hapo akapigwa risasi ukingoni mwa mto. Nampoto akatafsiri kwa sauti ya kukwaruza: "Nimewauza nyote, na nikifufuka nitawauza tena." Watu wakashangilia, wakagonga mabati. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili.

Kesho yake watoto wa bombani hawakuniuliza mkanda ule ni wa ngapi. Waliimba tu, "Jasusi! Mama jasusi!" Wiki ile watu wazima nao wakaanza kulitumia neno, kwanza kwa utani, wakiwa na vikombe vya chai yetu mikononi, kisha bila utani na bila vikombe.

Siku mama aliporudi kutoka Kilambo, balozi wa nyumba zetu kumi alikuwa anamsubiri kibandani nilipokuwa nauza, pamoja na wanaume kadhaa. Nampoto alisimama nyuma yao, mikono mfukoni.

"Mama Rozalia, wananchi wana wasiwasi," balozi alisema. Hakumtazama machoni.

"Wasiwasi gani? Si nyinyi mnaokunywa chai yangu kila asubuhi?"

"Tunataka kuona mzigo tu."

Wakaufungua. Kapulana zilitolewa moja moja, zikakung'utwa, zikatupwa chini, na jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Walifungua chupa za chai wakachungulia ndani. Mmoja alilivunja andazi katikati akaliangalia, na nakumbuka nilitaka kucheka, maana hata kwenye mikanda sikuwahi kuona mtu akificha siri kwenye andazi. Kisha akalila. Redio waliichukua, wakasema itachunguzwa. Haikurudi. Mama alipiga magoti akaanza kuokota kapulana kutoka kwenye tope, akizikunja vizuri kana kwamba zilikuwa safi.

Baada ya hapo chai ililala kwenye chupa mpaka ikapoa. Mama alivumilia kwa muda, halafu tukahamia upande wa Naliendele, ambako alipata kazi ya kubangua korosho. Wanaoijua kazi ile wanajua mafuta ya ganda la korosho yanavyofanya. Ngozi ya vidole vyake ilibabuka, ikawa nyeusi, ikapasuka, na hakuweza tena kushika unga bila kukunja uso. Pale kibanda chetu kilipokuwa, Nampoto alijenga baraza, na mke wake akauza chai.

Kwa miaka yote hiyo mimi niliuchukia mkanda. Niliona ndio uliotuharibia. Niliamini watu wa Mtawanya walikuwa wamedanganywa na filamu iliyotengenezwa na Wazungu wasiotujua, filamu iliyosema kwamba mama anayevuka mto na kuuza chai lazima awe msaliti. Kila nilipopita mahali ikiwa inaonyeshwa, niliondoka.

Kwa hiyo siku wanangu walipoifikia, nilikwenda sebuleni nikawaambia, "Hiyo rukeni."

"Kwa nini?" Tumaini aliuliza.

Ni mama aliyejibu. "Ndiyo ile?" Alinitazama. "Ile ya Nampoto?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Mama hakuwahi kukanyaga ndani ya lile banda. Muda wote yeye alikuwa nje, anauza.

"Iwekeni," akawaambia wajukuu. "Nataka kumwona huyo mwanamke."

Nikakaa. Ningefanyaje? Neema, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, alikaa karibu na bibi yake akamtafsiria neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida, bila madoido. Nami kwa mara ya kwanza nikausikia mkanda ule ukizungumza wenyewe.

Yule mama hakuwa jasusi. Stelingi alipofukuzwa mpaka mtoni, akiwa na jeraha, yeye ndiye aliyemficha chini ya meza yake ya chai na kumfunika kwa vitambaa. Msaliti alikuwa bosi wa stelingi, mwenye tai, aliyekaa ofisini mwanzo mpaka mwisho. Watu wa bosi ndio waliompiga yule mama risasi. Muda mfupi kabla ya risasi, alipomshika stelingi mkono akasema lile neno, Neema akatafsiri: "Anasema, 'Vuka wewe. Mimi ni wa hapa, wananijua, hawatanifanya kitu.'"

Hata Tumaini aliacha kuhesabu magari.

Mama alitazama mpaka majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Kisha akasema polepole, "Kumbe alikuwa mwema."

"Alijua, Mama," nikasema. "Nampoto Kiingereza alikijua. Alijua sauti ya televisheni hatuisikii, akageuza maneno. Alikusudia!"

"Alitaka kile kiwanja," mama alisema. "Hilo nililijua tangu siku ile. Nisilolijua ni kwamba ilibidi amdhulumu na huyu mwanamke pia." Akavitazama vidole vyake. "Na mimi kwenye msiba wa Nampoto nilikwenda kupika. Sufuria nzima ya wali, kwa mikono hii."

"Ungejua, ungekwenda?"

"Kwenda ningekwenda. Msiba ni msiba." Akaivuta kapulana yake juu ya magoti. "Lakini nisingepika."

Neema alicheka, akajiziba mdomo. Mama naye akacheka. Mimi sikuweza.

Wanangu waliiweka ile filamu namba moja, kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwao. Sikuwapinga. Ni filamu nzuri, nakiri, na miaka yote nimekuwa nikiichukia bure. Ila hasira niliyoitoa kwake ilibidi iende mahali, na ilikwenda pabaya zaidi.

Maana mtoto yule niliyekuwa aliamini kwamba watu walituogopa. Hilo lilikuwa na nafuu yake; mtu akikuogopa bure unaweza kusema hakuelewa, ukamsamehe. Sasa mimi ni mtu mzima, nimeshakaa kwenye vikao vya mtaa, nimeshaona namna watu wanavyonyamaza pale kunyamaza kunapolipa. Nikawakumbuka wanaume wale mmoja mmoja. Mtu anayeamini kweli yuko mbele ya jasusi halivunji andazi lake na kulila. Balozi asingekwepa macho. Majirani waliokuwa wakimwita mama msaliti waliendelea kumwachia watoto wao awaangalie wakienda shamba, mpaka siku tuliyohama. Nampoto aliwapa hadithi tu. Walijua ni hadithi, wakaichukua kwa sababu iliwaondolea kazi ya kumtetea mwanamke wa ng'ambo asiye na mume wala ndugu.

Hawakudanganywa. Hakuna hata mmoja wao aliyetuogopa.