Iambie Cherehani

Mwalimu wa ushonaji pale Ikonge alikuwa na tabia moja: mwanafunzi akikwama, yeye aliviweka viganja vyake juu ya kigoda cha kamba, akavikalia. "Usiniambie mimi. Iambie cherehani," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Ijumaa moja ya mwaka wa sabini na mbili, Kemuma, mchuma chai aliyekuwa na miezi miwili tu darasani, alikatikiwa na uzi mara ya sita. Jua likitua Sabato ingeingia na kazi zote zingekoma, na gauni la bintiye la kesho kanisani halikuwa na mikono bado. Akaieleza cherehani njia ya uzi kwa Kiswahili, mbiombio kama sala. Hakuona kosa.

"Sasa kwa Ekegusii," mwalimu akasema. "Kiswahili umekikariri."

Akaanza upya, polepole, kidole kikifuata uzi. Alipofika kwenye sindano, neno la ubapa wa shina lake, ule unaoonyesha sindano ielekee wapi, hakuwa nalo katika lugha ya mamake. Ikabidi autafute kwa macho. Kumbe sindano aliitia kinyume! Akaigeuza, akashona.

Mwalimu hakumsifu. Alivichomoa viganja tu, akavisugua, na Kemuma akaziona alama za kamba: nyekundu za leo, na chini yake sugu za miaka ya kuizuia mikono isisaidie.