Makaburi Yaliyo Nje ya Mpaka

Arletta Sizemore alikamatwa akizungumza na daktari wake. Nalirudia hilo kwa sababu kila ninayemweleza hudhani nimekosea.

Hakimu wa kaunti yetu, huku milimani Kentucky, ndiye aliyemwamuru atibiwe uraibu wa heroini. Kliniki iko mbali, hivyo daktari humwona kwa simu ya video kabla ya kumwandikia dawa ya kuzuia uraibu. Hakimu huyohuyo aliamuru avishwe bangili ya mguuni, inayowataarifu askari akivuka mpaka wa uwanja wa nyumba ya mama yake. Lakini bondeni kwetu mtandao haushiki. Hushika juu, kwenye makaburi ya ukoo, na makaburi yako nje ya mpaka.

Mara mbili Arletta alijaribu akiwa jikoni. Sura ya daktari iliganda, sauti ikakatika, naye akahesabiwa amekosa miadi. Dawa ilipokaribia kumwishia, alipanda kilima, akaketi kando ya kaburi la bibi yake, akapiga. Hakuwa amemaliza kuagana na daktari askari walipofika na pingu.

Jela yetu haitoi dawa ile. Siku alipoachiwa kusubiri kesi, mimi jirani yao na mama yake, Oma, tulimkuta mlangoni akitetemeka, madoa ya matapishi yakiwa bado kifuani. Afisa wake wa probesheni, Bwana Thacker, alikuwepo.

"Ungeomba ruhusa kwanza, binti."

"Nimeomba mpaka ulimi umeota sugu! Wewe ulinituma kwa kampuni ya bangili, kampuni ikanirudisha kwako."

"Mpaka siuchori mimi."

"Anauchora nani, Mungu?" Oma alidakia. "Nipe basi namba yake nimpigie. Ila itabidi nipande makaburini, maana hapa kwenu hata Yeye hapatikani!"

Thacker alicheka, kisha akaona kwamba sisi hatucheki. "Mama, mwenye kalamu ni hakimu," alisema kwa sauti ya chini.

Alhamisi Arletta ana miadi tena. Akipanda, anarudi jela. Akibaki jikoni, dawa inakatika, na sote tunajua hiyo humpeleka mtu wapi; kilima kilekile kina makaburi mapya ya vijana.

Mheshimiwa Hakimu, usitutume tena kwa kampuni. Amri ni yako na sahihi ni yako. Sogeza mpaka huo hadi makaburini, na uufikishe kabla ya Alhamisi.