Cherehani Iliyozama Nzilo

Siku ya kumaliza matanga ya mume wake, Mwadi alinyang'anywa cherehani na shemeji yake Kanyinda. Kanyinda alisema vitu vya marehemu ni vya ukoo. Lakini cherehani haikuwa ya marehemu. Mwadi aliipata kwa kuosha mawe ya kobalti, maji magotini, kabla hajamjua mtu yeyote wa ukoo huo. Kanyinda alitanguliza kupeleka nyumbani kwake meza ya kukanyagia ya mashine hiyo. Siku ya kuvusha kichwa cha mashine kwenye ziwa la Nzilo, mtumbwi ulilala ubavu na kichwa kikazama karibu na ukingo. Kanyinda akatoka majini, akasema Mwadi ameiroga mashine.

"Kama yeye si muloji, aingie mwenyewe aitoshe mu maji!"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mwadi akajibu, "Ntaingia!" Hajui kusoma, hajui kuogelea, lakini kuropoka anajua bila kufundishwa.

Papy, mzamiaji wa pale anayefungua nyavu zilizonasa, ana pampu ya hewa na mpira mrefu wa kuuma kwa meno. Alijitolea kuizamia mwenyewe. Mwadi akakataa, maana mashine ikitolewa na mwingine, yeye atabaki mchawi.

Alikuja amevaa kitenge juu ya kitenge, kwa heshima ya mashemeji waliojipanga ukingoni. Mkanda wa mawe wa kumzamisha aliuchagulia mwenyewe mawe mazuri ya kijani yenye shaba, mazito, kana kwamba huko chini samaki wanayanunua. Alipoingia, hewa ikajaa ndani ya vitenge, vikafura kama ugali wa bukari unaochemka. Kichwa chake kikaenda chini, makalio yakabaki juu, mapana, yakitazama ukoo mzima.

"Munaona?" Kanyinda akapiga makofi. "Maji inamukatala! Muloji hazami!"

Papy alimvuta kando. "Mama Mwadi, vua bile bitenge. Vala suruali yangu."

"Suruali? Mbele ya bashemeki?"

"Makalio yako bamekwisha kuiona, mama."

Akavaa. Suruali ilikuwa imechanika nyuma. Akarudi majini, akaelea tena kama gogo.

"Ongeza mawe," akasema.

"Hapana. Mawe ikizidi utaanguka sawa ngunia, masikio itaumia. Si mawe inakosa. Umejaza kifua sawa mutu anangojea kutukanwa. Mukate mu mafuta inaelea sababu iko na hewa ndani. Pumua tu, lakini tosha hewa mingi inje, polepole, usibanie."

Mwadi alishika kamba ya kushukia, maji kidevuni, moyo ukigonga kama nyundo ya wavunja mawe. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka mama yake, aliyekufa zamani. Pumzi ya kwanza aliitoa pamoja na jina la Kanyinda, na bado akaelea, maana alibakiza nusu ya hasira kwa matumizi ya baadaye. Ya pili ilitoka ndefu zaidi. Ya tatu ilikuwa hewa tu. Maji yakapanda mdomoni, puani, yakafunika utosi.

Masikio yakabana. Alisimama kwenye kamba, akapanda kidogo, akabana pua na kupuliza kama Papy alivyomwonyesha. Yakafunguka. Akaendelea kushuka, mpira ukimpa hewa yenye ladha ya matairi, mpaka miguu ikagusa tope. Hakuona kitu. Alipapasa jiwe, chungu kilichovunjika, kisha gurudumu, na mkono wake ukalitambua. Alitaka kucheka, akameza maji. Akafunga kamba kwenye mashine, akapanda juu.

Mashine ilipovutwa ukingoni, Kanyinda aligeuza maneno upesi. "Ni Papy njo alimusukuma chini."

"Mi nilikuwa hapa juu ya pampu, tata," Papy akasema. "Ulikuwa unanisimamia karibu unikanyage."

Watu walicheka, na safari hii si kwa sababu ya suruali, ingawa Mwadi hana hakika kabisa.

Sasa kichwa cha mashine kiko juu ya sanduku nyumbani kwake, kimepakwa mafuta, kinazunguka kwa mkono na kulia kama mbuzi. Suruali ya Papy hajairudisha, ameizoea. Lakini meza ya kukanyagia iko kwa Kanyinda, na mke wake anapakulia bukari juu yake. Kanyinda bado hajairudisha meza hiyo. Na bado hajalirudisha lile neno muloji, pale ukingoni, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile.