Zaitun Amfuata Tabu kwa Ndege

Zaitun wa Kizota ukimwambia jambo haliwezekani, ndiyo kwanza umempa sababu ya kulifanya. Mafundi wa gereji wanaokula vitumbua vyake kila asubuhi walikuwa wakilijua hilo, lakini siku alipofiwa na mdogo wake, Tabu, huko Dar es Salaam, waliliona kwa macho.

Mustapha, mume wa Tabu, alipiga simu alfajiri. Tabu amefariki usiku, na mazishi ni leo hii hii, baada ya swala ya adhuhuri. "Shemeji, usijisumbue," akasema. "Dodoma ni mbali. Mwombee huko huko."

"Kuzika mtazika ninyi, shemeji, lakini kumwosha nitamwosha mimi," Zaitun akajibu. "Tuliahidiana, mimi na yeye. Ndege ni mwendo wa saa moja tu. Nisubirini."

Akakata simu. Basi lingemfikisha jioni, treni imejaa. Ni kilomita mia nne na ushei, na yeye ndege alizizoea kwa kuzisikia zikipita juu ya paa lake. Obedi, fundi wa jirani, akamkatia tiketi kwenye simu na kumpeleka uwanjani kwa pikipiki. Vitumbua vikabaki kikaangoni vikiungua. Kwenye ukaguzi wakamchukulia mkasi aliobeba wa kukatia sanda. Akawaachia, maana hakutoka nyumbani kugombania mkasi.

Kosa, jamani, lilikuwa kwenye ile saa moja. Watu wa msibani waliihesabu tangu simu ilipokatwa. Nani angewaambia kwamba ndege nayo ina zamu yake ya kuondoka? Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, Zaitun bado ameketi Dodoma akitafuna ncha ya ushungi kwa hasira. Hatimaye wakaruka, na kweli, hasira haijampoa vizuri wakaambiwa wafunge mikanda, wanatua.

Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Kutoka uwanja wa ndege kwenda msibani Mbagala, foleni ilikuwa imesimama kabisa. Zaitun akateremka kwenye teksi, akapanda bodaboda, baibui amelikusanya magotini. "Kimbia, mwanangu," akamwambia dereva. "Leo si zamu yangu ya kufa."

Alimkuta Mustapha uani, amenuna. Ndani, Ikram, binti wa Tabu, alikuwa amekaa kizingitini pa chumba cha kuoshea maiti, amekataa kuondoka. Waoshaji walishambembeleza, wakamfokea, hadi maji yakapoa ndooni.

"Nilijua utakuja, mama mkubwa," akasema, ndipo machozi yakamtoka.

"Nyanyuka, mwanangu. Nimefika."

Hapo uchungu ukamkamata Zaitun, ule aliokuwa akiukimbia tangu alfajiri. Hakuupa nafasi. Akakunja mikono ya nguo, akapiga bismillahi, akaanza kummwagia Tabu maji taratibu, mkono mmoja umemshika shingo, kama alivyokuwa akimwogesha kule kijijini kwao Kolo alipokuwa hajajua hata kukaa.